Mali Kauli

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla jua halijashuka mpaka chini kati ya maghorofa ya Mtaa wa Kongo, Kariakoo hufanya biashara isiyo na risiti, sahihi wala shahidi. Kijana anafika dukani, anasalimia, anahesabiwa fulana ishirini, anazitupia begani na kuondoka. Hajatoa hata shilingi. Mwenye duka ameandika neno moja na tarakimu moja kwenye daftari, basi. Jioni kijana atarudi na fedha, au na fulana zilizobaki, na kesho atachukua tena. Wenyewe wanaita mali kauli: mali iliyotoka kwa kauli tu.

Mimi ni mhasibu. Nilifundishwa kutilia shaka kila kitu kisicho na karatasi nyuma yake, na nimeishi hivyo kwa zaidi ya miaka ishirini. Pengine ndiyo maana nilichelewa kuona kwamba swali lililokuwa likinisumbua ndani ya chama chetu cha taaluma lilikuwa linajibiwa mbele ya macho yangu kila asubuhi niliposhuka basi la mwendokasi pale Msimbazi.

Swali lenyewe ni hili: unawakutanishaje watu wa taaluma moja hadi wajuane kweli?

Naliona ni swali zito. Mhasibu hufanya kazi mahali ambapo mara nyingi yuko peke yake. Ofisi ina madereva watano, maofisa mauzo kumi, na mhasibu mmoja. Hesabu zinapofungwa na bosi akasema weka sahihi hapa, tutarekebisha baadaye, hakuna wa kumgeukia. Nimeona vijana wazuri wakiweka sahihi kwa sababu tu hapakuwa na mtu wa kumpigia simu usiku ule na kumuuliza, "Kaka, hili ungelifanyaje?" Simu moja ingetosha. Kwa hiyo nilipochaguliwa kwenye kamati inayoshughulikia mahusiano ya wanachama, niliingia kwa moyo wote.

Hafla yetu ya kwanza tuliifanya hotelini, mitaa ya Posta, siku ya Alhamisi saa kumi na mbili jioni. Nilisimamia kila kitu mwenyewe: ukumbi, juisi, sambusa, vitambulisho vya kuning'iniza shingoni, hata muziki wa taratibu. Walikuja zaidi ya sabini. Nilikaa mlangoni nikiwaandikisha, ndiyo maana nakumbuka sura nyingi. Namkumbuka mzee mmoja, mkaguzi wa hesabu mstaafu, aliyekwenda moja kwa moja kwenye kiti kilicho chini ya kiyoyozi na kukaa hapo hadi mwisho. Namkumbuka pia binti mmoja aliyekuwa amefaulu mitihani ya bodi ya uhasibu mwaka ule ule, amebeba bahasha ya kaki ambayo bila shaka ilikuwa na vyeti vyake. Alisimama karibu na meza ya juisi, bahasha kifuani, akitabasamu kila mtu alipopita.

Watu wa benki walikaa na watu wa benki. Wa serikalini walikaa na wa serikalini. Kadi zilibadilishana mikono, picha zikapigwa, na saa tatu usiku ukumbi ulikuwa mtupu. Siku iliyofuata nilifungua kundi la WhatsApp la waliohudhuria. Kwa wiki mbili lilijaa salamu za asubuhi na matangazo ya viwanja vya Kigamboni, halafu likanyamaza.

Nilipowapigia simu baadhi yao kuuliza walifaidika nini, dada mmoja alinijibu kwa upole, "Dada yangu, mimi naishi Chanika. Mkutano wa Posta unaoisha saa tatu, nifike kwangu saa ngapi? Niliondoka hata kabla hamjagawa sambusa." Sikuwa nimefikiria kabisa habari ya Chanika. Nilikuwa nimepanga hafla ya watu wenye magari.

Lakini umbali na saa ni mambo ya kurekebishika. Kilichonikwaza zaidi kilikuwa kingine, na nililazimika kukijua kwa kuumia.

Miezi michache baada ya hafla ile, rafiki yangu mwenye shule binafsi aliniomba nimtafutie mhasibu wa muda wa kumsaidia kuandaa vitabu kabla wakaguzi hawajafika. Nilikuwa na rundo la kadi. Nikachukua moja, ya kijana aliyezungumza vizuri sana usiku ule, suti imemkaa, Kiingereza kimenyooka. Nikasema, "Huyu ni mtu wetu." Alifanya kazi wiki mbili, akachukua nusu ya malipo, kisha simu yake ikawa haipatikani, na vitabu viko wazi mezani. Rafiki yangu hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Wewe umewahi kumwona akifanya kazi?" Sikuwa nimewahi. Nilitoa kauli yangu kwa mtu niliyemjua kwa kadi. Nililipa fidia kwa kukaa pale shuleni wikiendi tatu nikipatanisha hesabu za benki mwenyewe, na hata hivyo ilichukua muda mrefu kabla hajaniomba tena ushauri.

Nilipokuwa nikienda na kurudi shuleni kule ndipo nilianza kumfikiria mwenye duka wa Mtaa wa Kongo. Yeye hampi mali kijana kwa kuwa ana kadi. Amemwona akiamka. Amemwona akipanga bidhaa, akibishana na mteja bila kumtukana, akirudi jioni mvua ikinyesha. Ameanza kumpa fulana mbili, siku nyingine tano, sasa ni ishirini. Kauli ile ya asubuhi ina miezi mingi ya kutazamana nyuma yake.

Na jiji hili la Dar es Salaam, ukilitazama vizuri, halijawahi kuwa na upungufu wa njia za kuwafanya watu watazamane. Pita jioni yoyote ya katikati ya wiki Ilala au Sinza utakuta kikao cha harusi: mwenyekiti, katibu, mweka hazina, orodha ya walioahidi na orodha ya waliolipa. Watu waliokuja kikao cha kwanza hawajuani majina, kufika mwezi wa tatu wanaitana shemeji, na kila mmoja anajua nani ahadi yake ni kweli na nani ni wa maneno. Nenda msibani uone nani anabeba maturubai bila kuombwa. Harusini na msibani kuna shughuli ya kufanywa, na watu wanajuana wakiifanya. Kule hotelini mimi niliwaalika watu wajuane halafu sikuwapa chochote cha kufanya isipokuwa kujuana.

Historia ya Kariakoo ilikuwa imeshalisema hili. Mtaa wa Lumumba zamani uliitwa New Street, na hapo ndipo ilipokuwa nyumba ya African Association, chama kilichoanzishwa mwaka 1929. Rais wake wa kwanza alikuwa Cecil Matola, mwalimu. Katibu wake alikuwa Kleist Sykes, karani wa reli. Mmoja Mkristo, mwingine Mwislamu, na kati yao makarani, walimu na wafanyabiashara, wengi wao kila mmoja peke yake kwenye meza yake chini ya bosi wa kikoloni. Miaka 7 kabla yao, huko Tanga, Martin Kayamba alikuwa ameunda chama cha watumishi wa serikali Waafrika. Na mwaka 1924 Dakta Aggrey, msomi kutoka nchi inayoitwa Ghana leo, alipita Dar es Salaam na tume ya elimu, na Kleist mwenyewe aliacha kumbukumbu kwamba ni mazungumzo yao yaliyomtia moyo wa kuunda chama. Leo Mtaa wa Aggrey uko pale pale Kariakoo, umejaa maduka, na sidhani wengi wanaopita wanajua jina lile ni la nani.

Kinachonigusa katika habari ile ni nyumba. Wazee wa Kariakoo husimulia kwamba wanachama waliijenga wenyewe, kwa kujitolea, baada ya saa za kazi. Nawawazia wale makarani wakivua makoti ya ofisini na kushika mchanga. Ukibeba ndoo na mtu jioni thelathini unajua kama anachoka upesi, kama ni mchoyo wa maji, kama akisema kesho atakuja huja. Katika nyumba ile, tarehe 7 Julai 1954, ndipo kilipoundwa TANU, chama kilichodai uhuru, na wengi husimulia kuanzia siku hiyo. Mimi huwa narudi nyuma zaidi, kwenye zile jioni za tofali.

Sisi tungejenga nini? Hatukuwa na kiwanja, na wahasibu wa leo hawatabeba ndoo. Jibu lilikuja na mgogoro.

Jumatatu ya tarehe 24 Juni 2024, maduka ya Kariakoo yalifungwa. Wafanyabiashara walikuwa wakilalamikia kodi na namna wanavyofuatwa na wakusanyaji wake, watu wa TRA, na haikuwa mara ya kwanza; mwaka mmoja kabla, Mei 2023, waligoma vilevile, na Waziri Mkuu wa wakati ule, Majaliwa, akaja kukaa nao viwanja vya Mnazi Mmoja. Nilipita Mtaa wa Msimbazi siku ile ya Juni. Ambaye hajaiona Kariakoo imefungwa hawezi kujua ukubwa wa ukimya ule. Mageti ya chuma yameshuka upande huu na upande ule, wabeba mizigo wamekalia mikokoteni yao mitupu, na barabara ambayo kwa kawaida huwezi kuipita bila kusukumwa, unaiona mpaka mwisho.

Nilisimama na kusikiliza watu. Siwezi kuamua hapa nani alikuwa na haki katika lipi. Lakini masikio yangu ya uhasibu yalinasa jambo moja: wengi walikuwa wanabishana juu ya makadirio kwa sababu hawakuwa na vitabu vya kuonyesha. Kwa viwango vya wakati ule, mfanyabiashara mdogo mwenye mauzo ya shilingi milioni 5 kwa mwaka, kama hana kumbukumbu, alitozwa shilingi 100,000. Mwenye mauzo hayo hayo akiwa na kumbukumbu alitozwa asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 4, yaani shilingi 30,000. Shilingi 70,000 kwa muuza soksi ni mtaji. Na sisi wahasibu tulikuwa hapa hapa, mwendo wa miguu tu kutoka Posta, tukitafuta kitu cha kufanya pamoja.

Mwezi uliofuata mwenye nyumba mmoja wa Mtaa wa Sikukuu alituachia chumba cha ghorofa ya pili, juu ya duka la vitenge, kila Jumapili ya pili ya mwezi. Saa nane mchana hadi saa kumi na moja, na mapumziko ya sala ya Alasiri. Wakristo wameshatoka kanisani, wa Chanika anawahi daladala jua likiwepo. Meza nane za kukunja, mabenchi, feni moja, na muuza kahawa tuliyemwomba apite na birika lake na kashata. Kila meza walikaa wahasibu wawili: mmoja wa miaka mingi na mmoja anayeanza, wasiotoka ofisi moja. Mbele yao mfanyabiashara mmoja na daftari lake. Kadi za biashara marufuku mpaka mwisho. Siri ya daftari inabaki mezani. Hakuna anayemchukua mfanyabiashara kuwa mteja wake siku ile.

Jumapili ya kwanza wafanyabiashara walikuja watatu. Mmoja alisimama kwenye ngazi dakika nzima kabla ya kuuliza, "Nyie si watu wa TRA?" Ilibidi mwenye nyumba mwenyewe ashuke akamshike mkono.

Orodha ya nani akae na nani niliiandika usiku uliotangulia, kwa penseli, nikifuta na kuandika upya. Yule mzee mstaafu nilimweka na yule binti wa bahasha ya kaki. Hapakuwa na hekima yoyote. Majina yao ndiyo yaliyobaki mwishoni.

Walipata mama muuza vitenge na khanga, mtu wa makamo, ambaye daftari lake lilikuwa kaunta buku nene iliyofunikwa kwa gazeti, kalamu imefungwa na uzi kwenye jalada. Binti alimpa mzee shikamoo, mzee akaitikia marahaba bila kumtazama sana, wakafungua. Kurasa za mbele zilikuwa mauzo, siku kwa siku, safi kabisa. Mama alipoona wanafunua kurasa za nyuma akaweka kiganja juu yake.

"Huko ni mambo ya kienyeji, baba. Mtacheka."

"Mwanangu," mzee akamwambia, akivaa miwani, "mimi nimekagua mashirika ambayo hayakuwa na hata huko kwa kienyeji. Fungua."

Nyuma kulikuwa na mali kauli. Hapakuwa na majina ya watu kama tunavyoyajua sisi. *Kofia Nyekundu, 45,000. Mama Zai, 30,000. Mrefu wa Mbagala, 62,000.* Kila aliyelipa amewekewa alama ya vema, na deni lililolala siku nyingi limezungushiwa duara. Binti alianza kunakili kwenye karatasi: wadaiwa, tarehe, kiasi. Mzee alikuwa akitazama tu. Kisha binti akaona kwamba baadhi ya mistari ilikuwa na nyota ndogo, akauliza nyota ni ya nini.

"Hao mali siyo yangu," mama akasema. "Nimewaombea kwa jirani. Huyu Kofia Nyekundu anauza na viatu, mimi viatu sina. Nikamwambia jirani mpe, ni kijana wangu."

"Asiporudi?"

"Nalipa mimi. Si nimesema ni kijana wangu?"

Binti aliinua kichwa akamtazama mzee, na mzee kwa mara ya kwanza akavuta benchi karibu. Mzee aliona alichokiona binti: dhamana, deni ambalo bado si deni, ambalo kwenye kampuni kubwa tungelieleza kwa aya nzima mwishoni mwa hesabu. Binti akachora safu mpya, akaiandika *Niliowadhamini*, akapita kurasa zote kutafuta nyota. Ilichukua zaidi ya saa moja. Mzee hakumwahimiza. Alikuwa akimsomea tarakimu, yeye anaandika. Jumla ilipotoka ilikuwa shilingi milioni 1 na laki 1 na ushei.

Mama alikaa kimya. Miaka yote ile alikuwa akijumlisha mauzo kila jioni, lakini kauli zake hakuwahi kuzijumlisha. Aliigeuza karatasi kuelekea kwake, akaweka kidole kwenye kila jina la safu ile, mmoja mmoja, midomo ikicheza bila sauti. Alipofika mwisho akafuta jina moja. "Huyu ndiye simwelewi," akasema. "Hawa wengine waache."

Jumatano ya wiki ile mzee alinipigia simu. Hakuanza na kahawa wala na chumba, alianza na binti. "Nimemwona anavyouliza," akasema. "Hakuuliza ili nimsikie mimi. Aliuliza kwa sababu nyota ilimsumbua." Kulikuwa na kampuni ya ukaguzi, mkuu wake alikuwa mwanafunzi wake zamani. Akampigia na kusema maneno niliyoyasema mimi kwa yule kijana wa kadi: huyu ni mtu wetu. Tofauti ni kwamba yeye alikuwa amekaa naye benchi moja kwa saa tatu. Binti alianza kazi kabla ya mwaka kwisha.

Huwa nafikiria usiku ule wa hotelini. Mzee chini ya kiyoyozi, binti kwenye meza ya juisi, kati yao pengine hatua kumi na mbili. Mimi nilikuwa nimewaandikisha wote wawili, na nikarudi nyumbani nikidhani nimewakutanisha.

Nisiseme kila meza ilizaa hivyo. Kuna mbili zilizogombana, wazee na vijana wakibishana juu ya programu za kompyuta hadi mfanyabiashara akaaga. Kuna mwenzetu aliyevunja sharti akarudi kimya kimya kwa mfanyabiashara kuomba kazi, tukalazimika kumsimamisha, na lilikuwa jambo chungu. Masika ya mwaka uliofuata, maji yalipojaa Jangwani na mwendokasi ukasimama, tulibaki wahasibu wanne na muuza kahawa. Viongozi wenzangu waliniuliza kama si afadhali turudi hotelini, mahali ambapo angalau watu sabini wanahesabika kwenye ripoti. Niliwaonyesha kitu kimoja: orodha ya simu ambazo wanachama wamepigiana wakati wa kufunga hesabu. Niliwaomba wenyewe wanitajie nani alimpigia nani alipokwama. Karibu kila jozi ilikuwa imewahi kukaa meza moja Mtaa wa Sikukuu.

Jumapili ya mwezi uliopita, mzee hakuja. Miguu inamsumbua, alituma salamu na mto wake wa kukalia ili usikae bure. Kwenye benchi lake nilimweka yule binti, sasa yeye ndiye mwenye miaka mingi mezani, na pembeni yake kijana aliyemaliza chuo Desemba, kola ya shati bado ngumu. Kabla ya Alasiri aliingia mtu nisiyemjua, kijana mwembamba, mikono myeusi kwa rangi ya viatu, ameshika daftari dogo la kurasa arobaini na nane. Alisimama mlangoni akisoma meza moja baada ya nyingine.

"Nimetumwa na Mama wa vitenge," akasema. "Amesema na mimi nianze kuandika."

Alikuwa amevaa kofia. Ilishapauka, lakini wekundu wake bado ulionekana kwenye mishono. Binti alisogea akampa nafasi, akachukua daftari lile jipya, akalifungua ukurasa wa kwanza na kumpa kijana wa kola kalamu.

"Muulize kwanza jina lake kamili," akamwambia.